Mfuko wa Bastola Ndogo

Usimwonee gere fundi wa serikali. Alikuwa na chumba chenye feni, cherehani ya umeme na chai ya bure, lakini alishona akiwa ameshikwa koo. Kaka yake, kiongozi wa wafanyakazi wa reli, alikuwa mafichoni tangu ule mgomo, na Bwana Mkubwa wa idara ya upelelezi alikuwa amemwambia fundi bila kupepesa macho: "Sindano yako ikifanya kazi, mama, kaka yako hatumgusi." Mwongo mkubwa! Lakini mfa maji haishi kutapatapa, na fundi akaamini.

Kazi yake ilikuwa kuficha vitu katika nguo za wapelelezi. Kona za mifuko alizifunga kwa mishono iliyopishana kama unyayo wa kuku. Marehemu mama yao ndiye aliyewafundisha, yeye na kaka yake, akiwachapa rula vidoleni kila walipokosea. Fundi hakujua kufunga kona kwa namna nyingine, wala hakutaka kujua.

Siku moja wakamletea msichana mwembamba, mpole wa sura, na bastola tatu wakazipanga juu ya meza ya kukatia.

"Apewe hii kubwa," akasema mtunza silaha, mzee wa kitambi aliyependa bunduki kuliko wanawe. "Hii ikisema, imesema."

"Itaonekana kabla haijasema," fundi akamjibu. "Hebu inama, mwanangu."

Msichana akainama, na mpini ukachomoza kwenye koti kama nundu. Ya pili ilikuwa na kinyundo nyuma. Alipoichomoa ikanasa kwenye bitana na kutoka na kitambaa. "Hapo umeshazikwa," fundi akamwambia, wote wakacheka. Ikabaki ndogo, bapa, isiyo na cha kunasa.

"Hiyo ya kuulia panya," mtunza silaha akanuna.

"Panya si wapo?" akasema Bwana Mkubwa. "Chukua hiyo. Ila mama, angalia utakapouweka mfuko. Huyo mtu anayemwendea anakumbatia wageni. Anamkumbatia mtu mpaka anamwinua juu."

Mkasi ukasimama. Fundi alimjua mtu mmoja tu wa kukumbatia hivyo. Alimtazama Bwana Mkubwa; Bwana Mkubwa akatazama feni.

Akikataa, koti lingeshonwa na mwingine, tena vizuri. Kwa hiyo akauweka mfuko chini ya bega la kushoto, mdomo wake kwa nje, pale pale mkono wa kaka yake ulipozoea kushika. Aiguse bastola, ashtuke, akimbie. Ndiyo dua aliyoishona. Bwana Mkubwa akajaribu kumkumbatia msichana, lakini alikumbatia kinyonge kama mtu asiyewahi kupendwa, akasema hahisi kitu.

Juma lililofuata msichana akarudi, koti mkononi, kwapani pana tundu lililoungua.

"Shangazi, nizibie. Nina safari nyingine."

"Aliigusa?" fundi akauliza.

"Aliigusa! Nikajua leo nimekwisha." Msichana alikuwa akijitazama kwenye kioo, akitengeneza nywele. "Mkono ukaganda hapo kwapani. Halafu kidole kikapapasa kona ya mfuko, taratibu, akaanza kucheka. Akaniuliza, 'Dada yangu hajambo?' Nikamwambia hajambo, anakusalimu. Basi akafurahi, shangazi, machozi yakamtoka. Akasema, 'Kumbe ni wewe uliyetumwa kunilinda.' Akafunga mlango mwenyewe, akanipa mgongo kunichemshia chai."

Fundi alikuwa ameketi. Hakujua ameketi saa ngapi.

Msichana akamwekea koti mapajani na kukunjua kwapa ili alione tundu vizuri.

"Bwana Mkubwa kasema ubadilishe bitana," akasema. "Ila hizo kona usiziguse. Zina bahati."