Fundi anayepima fremu kwa mifupa yake

Fundi anajaza upepo kwenye tairi, anasoma geji, anaupunguza kidogo, anasoma tena. Halafu anang'oa magurudumu yale yale na kuyahamishia kwenye baiskeli ya pili. Kiti nacho kinahama, kwa urefu ule ule. Karakana inanuka grisi na mpira mpya.

"Nikibadilisha tairi, nitaisifia fremu kumbe nasifia tairi," anasema bila kuinua uso.

Wateja humwita Dada Spoki. Ana miaka thelathini na minane, na kazi yake katika duka hili la baiskeli za mashindano wengi hawajui hata kama ipo: kuendesha fremu za kaboni na kueleza tofauti zake barabarani. Mshahara unalipa kodi ya vyumba viwili na ada ya binti yake. "Si haba," anasema.

Kwa macho, fremu hizi mbili ni pacha: nyeusi, nyepesi, unaziinua kwa kidole. Lakini moja ni kakamavu. Ukikanyaga pedali kwa nguvu hainepi; nguvu yote inakwenda kwenye gurudumu. Ya pili inanepa kidogo, na mitikisiko ya kokoto inakufikia ikiwa imeshachoka.

"Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake," anasema. "Karatasi ya kiwandani itakwambia ugumu wa fremu. Haitakwambia viganja vitakuwaje baada ya saa tatu."

Viganja anavijua. Alikuwa akishindana mwenyewe, hadi alipoanguka kwenye mteremko na kuvunjika mikono yote miwili. Akiwa bado na plasta, mwenye duka alimfuata nyumbani. "Mikono itapona," alimwambia. "Mimi nataka mgongo wako, unaohisi kila fremu. Njoo kazini."

Mwaka huu kazi hiyo nusura imgombanishe na mdogo wake wa tumbo moja, naye mwendesha baiskeli. Timu moja ilikuwa na nafasi ya mtu mmoja tu, na mchujo ulikuwa mbio ndefu za barabara mbovu, zinazomalizikia mlimani. Duka lilikubali kumwazima fremu moja.

Fundi alichagua ile laini, inayonepa. Mdogo wake akaitaka ngumu.

"Itakutetemesha mpaka meno."

"Dada, meno ni yangu."

"Asiyesikia la mkuu..."

"Huvunjika guu, najua. Lakini hiyo yako, nikisimama kupanda mlima, naiona inanikwepa."

Wakanuniana. Mama yao ndiye aliyewaamua: "Mmoja anaendesha, mwingine anatazama. Sasa nani amuulize mwenzake?"

Wakaenda mlimani na fremu zote mbili, fundi akifuata nyuma. Mdogo wake ni mzito kuliko yeye kwa kilo kumi na mbili, na ana mapaja ya kazi. Kila alipokanyaga, ile laini ilijisokota chini yake, mnyororo ukilalamika. Kwenye ile ngumu, alipaa.

"Nilikuwa namchagulia baiskeli ya mikono yangu mibovu," fundi anasema na kucheka mwenyewe. "Mifupa yangu ndiyo iliyokuwa ikiongea."

Hata hivyo hakusalimu amri moja kwa moja. Alimfungia tairi pana zaidi na kupunguza upepo, ili kokoto zifie humo.

Siku ya mchujo, mdogo wake alifika chini ya mlima na kundi la mbele, akasimama juu ya pedali, akawaacha wanatazamana. Alivuka mstari wa kwisha akiwa wa kwanza, akashuka akikunja na kukunjua vidole.

"Hesabu meno," alimwambia dada yake. Wakakumbatiana hivyo hivyo na jasho lao.

Kocha wa timu alimpa ile nafasi, kisha akataka kujua nani ameiandaa ile baiskeli. Sasa anataka fundi aandae za timu nzima, na fundi amekubali kwa sharti moja: kila mwendeshaji apande kwanza fremu zote mbili, na yeye awe wa mwisho kutoa maoni.

"Wanakuja Jumatatu, wanene kwa wembamba," anasema, akijifuta grisi. "Safari hii, mimi nitaanza kwa kuuliza."