Spika za Mvule: Kutoka Makoko hadi Butiama, kwa Kupitia Bunda

Niliondoka Musoma kwa sababu mjomba alichoka kusubiri.

Mjomba wangu anaishi Butiama. Upepo ulipoangusha mvule nyuma ya nyumba yake, alipasua mbao, akachagua zilizo nzuri kuliko zote, akaniletea mpaka Makoko. Aliniambia nimtengenezee kitu cha kusikilizia muziki sebuleni. Nilimtengenezea spika mbili za honi. Kila moja ina mdomo mpana kama wa tarumbeta, na nikisimama kando yake inanifika kifuani. Sikusomea kazi hii. Nilijifunza kwenye simu, kwa kutazama video na kuharibu mbao nyingi za bei rahisi kabla ya kugusa mvule ule. Kwa macho ni nzuri, nalisema bila haya. Pale mbao zinapoungana huwezi kupitisha hata wembe.

Tatizo lilikuwa masikioni. Kila nilipozisikiliza karakanani, waimbaji wakipanda juu, sauti ilichoma kama ndimu kwenye kidonda. Nikapiga msasa koo la honi, pale panapokaa spika ndogo inayotoa sauti. Nikapiga tena. Nikafungua, nikafunga, nikafungua. Mimi ni mtu wa namna hiyo: nikipiga deki, narudia pembe za chumba mpaka mama ananinyang'anya tambara. Mjomba akiuliza, nilimwambia bado wiki moja, na wiki hiyo ilizaa wiki nyingine.

Mwishowe akapiga simu. Kwa kuwa nimepewa jina la mama yake mzazi, yeye huniita Mama.

"Mama," alisema, "Jumamosi nazitaka, hata kama ni bubu."

Nilikubali, lakini moyoni niliweka sharti langu. Bunda yupo mzee mmoja mwenye honi kubwa kuliko zote nilizowahi kuzisikia habari zake. Ningepitia kwake kwanza, nizilinganishe. Kama zangu zingeshindwa, ningezirudisha Makoko na kuzipasua. Nilijua mbao zilizobaki hazitoshi hata spika moja, kwa hiyo kuzipasua kulikuwa na maana kwamba mjomba asingepata kitu, na mvule wake ungeishia jikoni kwetu.

Jumamosi asubuhi, Makoko. Magesa alikuja na kirikuu chake, ile pikapu ndogo inayobeba kila kitu mjini kwetu, kuanzia magodoro mpaka mbuzi. Tumesoma wote shule ya msingi, kwa hiyo hanionei aibu. Nilizifunga spika kwa blanketi mbili mbili, kisha nikafungua moja nione kama blanketi haliikwaruzi.

"Hao ni wagonjwa au ni spika?" aliuliza.

"Endesha taratibu tu."

"Butiama ni pale, sisi tunaenda Bunda. Mtu akitoka Makoko kwenda sokoni unampitishaga Tarime?"

Nilipanda, nikafunga mlango. Miguuni nilikuwa na kapu la sato wa kukaushwa, kwa sababu huwezi kutoka ziwani kwenda kwa mjomba mikono mitupu. Tulipita Makutano, tukaingia barabara kuu ya kwenda Mwanza. Kila tuta lilipotutupa juu niligeuka kutazama nyuma.

Bunda. Mzee Masatu alifanya kazi miaka mingi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba. Ukumbi mmoja wa dansi ulipofungwa, alizichukua honi zake na kuzipeleka nyumbani. Alitupokea getini.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Ndiye fundi mwenyewe? Nilidhani utakuja na ndevu."

Sebule yake ni kubwa, ina vigae vipya, na watoto wote wamehamia Mwanza. Kulikuwa na kochi moja katikati, la kwake. Honi zilisimama ukutani kama milango miwili iliyong'olewa. Mkewe alituletea soda, akaweka chini, akaanza kuondoka.

"Mama, huketi?" nilimuuliza.

"Niketi hapa? Mimi nikitaka kumwambia chakula tayari nampigia simu, na niko jikoni!"

Mzee Masatu alicheka, akaweka muziki wa dansi. Nakiri kwamba niliogopa. Besi ilipanda kutoka sakafuni, nikaisikia kwenye magoti. Tarumbeta zilipoingia, sikuhitaji kufikiria zilikuwa wapi. Zilikuwa mbele yangu, na wapigaji wake walikuwa na mapafu na jasho. Zangu hazina besi ya namna hiyo, na hazitakuwa nayo kamwe, kwa sababu midomo yake haifiki nusu ya ile. Lakini nilipotulia nikasikia kitu kingine. Magitaa matatu yalikuwa yamekuwa moja. Nilijua ni matatu kwa sababu wimbo ule naujua, ila kwenye honi za mzee yalivaa shati moja.

"Shusha za kwako," alisema.

Tulizishusha mimi na Magesa, tukaziweka kando ya zile kubwa. Zilionekana kama vifaranga. Nikaweka wimbo uleule. Magitaa yakaachana, moja kulia, moja kushoto, la tatu likicheza nyuma yao. Mzee aliegemea mbele, na kwa muda mfupi nilijiona mtu. Kisha mwimbaji akapanda juu, na mimi nikaona jicho la mzee likijikunja.

Alisubiri wimbo uishe. Nilimshukuru kwa hilo.

"Binti, zangu zinapiga kelele, najua. Zako zinasema kila kitu. Ila zinang'ata."

"Sana?"

"Ni kama sato mtamu aliyebakiwa na mwiba. Utakula, lakini utakula unaogopa."

Nilimshukuru tena, safari hii kwa kujilazimisha. Tulizifunga tena kwenye blanketi, tukazipakia.

Mchana, Makutano. Hapa ndipo barabara zinapoachana. Kushoto unarudi Musoma, kulia unakwenda Butiama. Nilimwambia Magesa ashike kushoto.

Alisimamisha gari pembeni, akazima injini.

"Kushoto kuna nini?"

"Nyumbani. Hazijawa tayari. Umemsikia mzee."

"Nimemsikia. Kasema tamu."

"Kasema zina mwiba."

"Wewe unajisumbuaga," alisema. "Mimi gari langu limepakwa rangi upande mmoja, na linatembea. Halafu mjomba wako amenipigia simu ukiwa unafunga kamba. Kuku kashachinjwa. Unataka nimwambie amfufue?"

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Nilitazama barabara ya kushoto mpaka lori moja likatupigia honi, kisha nikasema twende kulia. Sikupata ujasiri wowote. Niliona tu kwamba kumwambia mjomba uso kwa uso ni heshima kuliko kumkimbia. Ningemwonyesha ubaya wa spika, nimwombe muda, nirudi nazo.

Butiama. Nyumba mpya ya mjomba iko chini ya kilima cha mawe makubwa yaliyopandiana. Alitoka nje akiwa amenyoosha mikono.

"Mama amefika! Mama amefika na mizigo!"

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, Mama. Hawa sato wametoka kwenu kweli au mmenunua njiani?"

Mkewe alilichukua kapu kabla sijajitetea. Tuliziingiza spika sebuleni, mjomba akatembea akizizunguka, akapitisha kiganja juu ya mbao. Alirudia kupitisha kiganja mahali palepale, kwenye ukingo wa mdomo, pale nilipopiga msasa mpaka vidole vikachubuka. Fahari iliyonipata pale siwezi kuificha.

"Mjomba, naomba nizisikilize kwanza peke yangu. Dakika chache tu."

"Peke yako?" Alinitazama kana kwamba nimeomba kula chungu kizima. "Kitu kipya kwenye nyumba hakisikilizwi na mtu mmoja. Majirani wameshaambiwa. Wakisikia muziki kupitia dirishani wakati mlango umefungwa, mimi nitaitwaje hapa?"

Wakaja. Wanaume walikuja na viti vyao na benchi la jirani, wanawake wakatandika mikeka mbele, watoto wakajaa mapajani na katikati ya miguu. Waliochelewa walisimama mlangoni na kwenye madirisha. Mimi, niliyekuwa nimepanga kumwonyesha mtu mmoja aibu yangu, sasa nilikuwa na kijiji kizima. Nilitafuta njia ya kupita hata nifike kwenye amplifaya, nikaruka mguu wa bibi mmoja.

"Pita, mwanangu. Huo mguu una ganzi, hausikii."

Niliweka kwaya ya kigango chetu cha Makoko, niliyoirekodi mwenyewe. Nikasimama ukutani, nikakaza meno, nikasubiri soprano wapande. Wakapanda.

Hazikung'ata.

Nilidhani masikio yangu yamechoka na safari. Wakapanda tena, wakafika kileleni mwa wimbo, na sauti yao ikakaa juu ya vichwa vya watu, laini, kila mwimbaji akiwa mahali pake. Nikatazama nyuso. Hakuna jicho lililojikunja.

Wimbo ukafika mahali pa kimya kifupi, kabla ya kiitikio. Hapo kuna mama mmoja wa sauti ya pili aliyekohoa nilipokuwa narekodi. Nilishakiona kikohozi kile kama doa kwenye kazi yangu, na nilikuwa nimejaribu kukifuta nikashindwa. Akakohoa.

"Pole," wakasema wanawake wa kwenye mkeka, wote kwa pamoja.

"Pole, mama," akasema yule bibi wa ganzi, akigeuza shingo kutafuta mgonjwa.

Mke wa mjomba alikuwa ameshainuka na kikombe cha maji. Alisimama katikati ya sebule, akatazama kulia, akatazama kushoto.

"Nimpe nani?"

Mwanamume mmoja alielewa kwanza. Akaonyesha spika kwa kidole, na nyumba ikapasuka kwa kicheko. Mke wa mjomba alicheka mpaka maji yakamwagika kwenye mkeka. Walitaka wimbo urudiwe. Kila ulipofika pale walisema pole, sasa kwa makusudi, na mimi nilicheka nao huku machozi yakinitoka. Honi za Bunda zina besi inayotikisa magoti, lakini hakuna aliyewahi kumpa pole mtu aliyemo ndani yake.

Jumapili asubuhi. Wote walikwenda misa, hata Magesa aliyelala kwa mjomba, nikabaki kuangalia sufuria la maharage. Sikuweza kujizuia. Niliingia sebuleni. Mikeka ilikuwa imekunjwa, benchi limerudishwa kwa wenyewe. Niliweka wimbo uleule kwa sauti ileile, soprano wakapanda, na mwiba ukarudi. Ulikuwa uleule wa Makoko na wa Bunda.

Nikafikiri jana nililewa sifa tu. Nilikuwa nimeshafunga blanketi kwenye spika ya kwanza mjomba aliporudi, nyuma yake wakiwa wanawake wa jana waliokuja kunywa chai.

"Unazifunga kwa nini, Mama?"

"Nipe wiki moja, mjomba. Moja tu."

"Ipi? Ile ya mwaka jana au nyingine?"

"Zinauma sauti ya juu. Sikiliza."

Nikafungua blanketi, nikawasha ili asikie mwenyewe. Akakunja uso kidogo, kweli. Lakini wanawake hawakusubiri kukaribishwa. Wakaingia wakiwa na vitenge vyao na watoto migongoni, wakatandika mkeka, wakasema tuwekee yule mkohozi. Nami nikiwa nimesimama hapohapo, blanketi mkononi, nilisikia ukali ukipungua. Akaingia mmoja, akaingia wa pili, wa tatu akavuta pazia jua lisimpige mtoto, na kadiri walivyojaa ndivyo sauti ilivyotulia.

Nikakaa chini. Karakana yangu ina sakafu ya saruji, kuta tupu, na mlango ninaoufunga ili nisisumbuliwe. Sebule ya Mzee Masatu ina vigae na kochi moja. Sauti ilikuwa inagonga saruji na kunirudia usoni, nami nikawa naadhibu mbao. Hazikuwa na mwiba. Zilikosa watu, na vitenge, na mikeka ya kuinywa sauti.

Nilimweleza mjomba. Aliwageukia wageni.

"Mmesikia? Kumbe kosa lilikuwa letu. Tulichelewa kuja."

Lile blanketi nililikunja, nikamwachia mke wa mjomba.

Kurudi. Kirikuu kilikuwa chepesi, na Magesa alikimbiza kwa kuwa hapakuwa na mgonjwa nyuma. Kabla ya Makutano nilimpigia Mzee Masatu, nikamweleza yote, nikamwambia atandike zulia na amwite mama aketi naye.

"Hataketi," alisema mzee.

Kwa mbali nikasikia sauti ya mkewe: "Punguza uone kama sitaketi!"

Safari hii haikuniponya. Jana nimefagia karakana mara tatu. Lakini nimejifunza kwamba nyumba na watu wake ni sehemu ya spika, na kwamba fundi anayesikiliza peke yake nyuma ya mlango uliofungwa anasikiliza kuta. Sasa nikipima sauti naacha mlango wazi, na akina mama wanaotoka kuanika dagaa wanaingia kupumzika na kusema wanachosikia. Wanasema bila huruma.

Mjomba akipiga simu siku hizi haulizi tarehe. Ananisogezea simu kwenye honi, nisikie sebule inavyojaa. Zile spika nilizitengeneza mimi, kwa mikono hii. Sitazigusa tena. Zimekamilika.