Mistari Miwili Iliyofanana

Siku yangu ya kwanza kazini, Malampaka, Meneja wa Kituo alinikagua mkoba kabla hajanikaribisha kiti. Biashara ya pamba ndiyo kwanza ilikuwa imefunguliwa kwa watu binafsi, na kila kampuni iliamini kwamba jirani yake amepandikiza mtu ndani. "Hapa usimwamini mtu," aliniambia. "Hata mimi niangalie." Nilimpenda papo hapo, maana nimezaliwa na macho ya kushuku.

Kazi yangu ilikuwa kutunza kanzidata, yaani daftari kubwa lililomo ndani ya kompyuta. Humo mlikuwa na jedwali la watumiaji: jina la karani, na pembeni pasiwedi yake, hiyo mnayoiita leo nywila, imeandikwa waziwazi kama tangazo la mnada. Nikamwita Meneja, nikaingia kwenye mfumo kwa jina lake huku anatazama. Akaenda kufunga mlango.

"Nani mwingine anaona hili?"

"Yeyote anayefungua jedwali, mzee."

Basi nikayasaga maneno yote. Neno linapitishwa kwenye kanuni inayoligeuza kuwa msururu wa herufi na tarakimu usiorudi nyuma, kama unga usivyorudi kuwa mahindi. Karani akiandika neno lake, mashine inalisaga upya na kulinganisha unga na unga. Neno lenyewe halitunzwi popote. Nilijiona fundi kweli.

Nikahamishiwa Bariadi, chini ya Meneja wa Kanda, mtu wa maneno machache. Msimu ule, pamba iliyopokelewa ikiwa fifi, yaani daraja la pili lenye uchafu, ilionekana kwenye mfumo imekuwa safi. Mabadiliko yote yalifanywa kwa jina la Kabula, mkaguzi wa pamba, mjane wa Kiloleli aliyelea watoto wanne kwa kazi ile.

"Sikugusa, baba," alisema. "Siku hiyo nilikuwa kliniki na mtoto."

"Basi neno lako ulimpa nani?" aliuliza Meneja wa Kanda.

"Sikumpa mtu."

Nikaenda kwenye jedwali. Unga wa Kabula ulifanana herufi kwa herufi na wa Masunga, msimamizi wa upakiaji. Nilifurahi, ni aibu kusema. Nikachapisha ile mistari miwili, nikaiweka mezani: hawa wamepeana neno. Kabula aliitazama karatasi asiyoielewa. Hakuna aliyemuuliza neno lenyewe ni lipi, kwa kuwa mimi mwenyewe nilikuwa nimepiga marufuku neno la siri kutajwa. Akaachishwa kazi siku hiyohiyo, na Masunga pia.

Wiki chache baadaye nikamsajili karani mpya kutoka Maswa, ambaye hakuwajua wale wawili. Kwa tabia yangu nikachungulia. Unga ni uleule! Nikaona sasa nimeunasa mtandao mzima wa wezi, nikamvamia: "Neno hilo umepewa na nani?"

"Hakuna, mzee. Si ulitufundisha tuchague neno tunalolisema kila siku, tusije tukalisahau? Nimeweka mwangaluka."

Mwangaluka ndiyo salamu yetu Wasukuma ya asubuhi. Nikarudi kwenye jedwali, safari hii nikalisoma lote. Watu saba walikuwa na unga ule. Siku ile nilipompata Masunga niliacha kutafuta, kwa kuwa nilikuwa nimeshapata nilichokitaka. Mtu yeyote pale ofisini angeweza kuingia kwa jina la Kabula kwa kumwamkia tu.

Dawa yake inaitwa chumvi: kabla ya kusaga, kila neno linatiwa herufi zake za bahati nasibu, hata maneno yanayofanana yatoe unga tofauti. Niliitia mchana uleule, nikamtaka kila karani aandike neno jipya. Kisha nikaenda kwa Meneja wa Kanda, nikamweleza.

"Nafasi zao zimeshajazwa," alisema bila kuinua kichwa.

Sikubishana naye. Niliogopa kuonekana fundi asiyejua kazi. Hadi leo namshuku yeye, maana ndiye aliyekuwa na haraka ya pamba kuonekana safi, lakini sina ushahidi, na ushahidi wangu mnaujua ulivyo.

Vijana mnaotunza maneno ya watu, tieni chumvi, na tumieni kanuni inayosaga polepole ili mwenye kubahatisha achoke. Mkiona mistari miwili inafanana, someni na iliyobaki.

Nilipostaafu nilipanda basi hadi Kiloleli. Nilimkuta Kabula anapalilia mpunga. Nikamweleza yote, naye alisikiliza akiwa ameegemea jembe.

"Ulilijua lini hili, baba?"

"Msimu uleule, mayu, mama yangu."

"Msimu uleule," akarudia, akizitazama mvi zangu. Akaenda nyumbani, akaniletea maji ya kunywa, kwa sababu nilikuwa mgeni. Nilipomrudishia kikombe, hakuniambia karibu tena.