Sufuria Kwenye Treni ya Moshi

Juzi niliona moshi wa ile treni ya zamani juu ya vilima, na harufu ya makaa ikanirudisha utotoni.

Siku tuliyoipanda, Mama alikuwa amepakata sufuria kubwa, ileile tuliyokimbia nayo kutoka Kongo pamoja na mablanketi. Basi nilijua tunahama tena. Sikukaa. Nilizungukazunguka behewani, mabonde yakipita, nikimwaza rafiki yangu wa Point, mtaani kwetu, ambaye sikumuaga.

“Tulia, mtoto yangu,” Mama alisema. “Ndani iko sombe tu, majani ya muhogo ya kula. Tunatembea, jioni tunarudi.”

Sikumwamini. Hata siku ile ya Kongo alisema hivyohivyo.

Jioni tulirudi kweli.

Leo asubuhi niliwapeleka wanangu kupanda treni ile. Nilipofungua buti ya gari niliona nimepakia sufuria, na mablanketi yetu yote.