Gauni la Bibi wa Usevya

Nauza mitumba sokoni Mpanda, na kitu nisichokihesabu mara mbili hakitoki kwangu. Lakini jumuiya yetu ilikubaliana kuwapelekea nguo wazee wa makao yaliyo njia ya Kakese, na kwa kuwa nguo ninazo, heshima ya kutoa ikaniangukia mimi.

Sista anayesimamia makao aligawa chumba kwa chumba. Bibi mmoja wa Usevya, mkulima wa mpunga maisha yake yote, akarudisha gauni. Tukadhani hakupenda rangi. Nikaleta jingine, likarudi. Sista akanieleza kwamba tangu afike ndivyo alivyo: hagombi, halalamiki, anakula peke yake kitandani na chakula anabakiza. Ukimwuliza anataka nini, anajibu: chochote tu. Hapo nikaogopa. Katika biashara yangu sijawahi kumwona mwanamke anayetaka nguo yoyote tu.

Jumamosi iliyofuata nilitandaza turubai mbele ya mlango wake, nikamwaga nguo, nikaanza kuita wateja kama sokoni. Akatoka taratibu. Akaokota gauni la maua, akalinusa, akavuta mishono.

"Hili bei gani?"

Chini ya kitanda chake nilikuwa nimeona kikapu cha ukindu alichoanza kukisuka kikaishia nusu. Nikamwambia vikapu viwili.

"Viwili? Nguo ya marehemu wa Ulaya, na kwapa limeachia?"

Nikamwambia nina familia, bibi. Akasema familia yangu haina shida, tumbo langu linajieleza. Atatoa kimoja, tena kisicho na mfuniko. Nilipokataa, alilitupa gauni akaondoka.

Mhudumu mmoja wa makao alitaka kukimbilia kumshika mkono, nikamzuia. Mteja akiondoka vile anasubiri kuitwa, nami kwa kawaida huita mapema. Safari hii nilimwacha aende. Akapita mlango wake, akapita jiko, akafika kwenye benchi la wenzake, ambako hakuwahi kukaa. Wakasogea kumpisha, akakaa.

"Nyie mnamwona huyu? Anatuuzia vilivyoletwa bure."

Wakacheka, naye akacheka. Nikalikunja gauni, nikamfuata.

"Haya bibi, kimoja."

"Na kitambaa cha kichwa juu yake. Umenichosha miguu."

Nikampa. Chakula cha mchana alikilia pale pale benchini, akamaliza, huku akiendelea kunisema. Wenzake nao wakaanza kuinuka kwenda kuuliza bei. Sista akaninong'oneza, hao watalipa nini? Nikamwambia atulie, kwanza tusikie wanasemaje.