Safu Tuliyoongeza Kitabuni

Mimi na karani mwenzangu tulikitunza kitabu cha mashauri cha boma la Dodoma enzi za Mdachi. Tulikikuta na safu tano: jina, kijiji, kosa, hukumu, tarehe. Tulipokikabidhi kilikuwa na sita, na hiyo ya sita nitaitetea mpaka naingia kaburini.

Mwaka mmoja mvua ilikosa, akaletwa mfugaji Mgogo wa Kikuyu, kijiji cha hapo karibu na boma, kwa kuiba ng'ombe. Alieleza maneno marefu. Mkalimani akayafupisha: amekubali kwamba alimchukua. Mimi ni mtu wa Kondoa, Kigogo kilikuwa bado hakijaniingia, nikaandika "amekiri". Akachapwa viboko ishirini na vitano.

Mwenzangu, ambaye ni Mgogo, alikuwa safarini. Aliporudi aliuliza watu waliokuwapo, akaniambia. Ng'ombe alikuwa wa yule mfugaji mwenyewe. Alimweka kwa shemeji yake, kama Wagogo wanavyogawa mifugo ili ukame usiwakute wote mahali pamoja, kisha akaenda kumtwaa. Niliona aibu.

Asubuhi nilichukua rula nikachora safu ya maneno ya mshitakiwa. Mwenzangu angeyasikiliza mwenyewe, kabla mkalimani hajayapunguza. Mkuu wa boma, tuliyemwita Bwana Shauri, alipoiona alisema tunaharibu karatasi ya serikali. Mwenzangu ni mpole kupita kiasi, lakini siku hiyo alisimama wima.

"Bwana, bila neno la mshitakiwa hiki ni kitabu cha viboko tu."

Nikajisemea liwalo na liwe. Bwana Shauri akaagiza tuandike kwa herufi ndogo. Tukaandika ndogo, ila hatukuiacha safu hiyo tupu.

Baada ya masika mawili tulirudi nyuma tukasoma. Wezi wengi wa ng'ombe walikuwa watu wanaodai mifugo waliyoiweka kwa jamaa. Tulimpelekea Bwana Shauri, akasoma mpaka mwisho. Tangu hapo alianza kuuliza ng'ombe aliwekwa na nani. Si kila mara, maana kichwa chake kilikuwa kigumu, lakini na vyetu vilikuwa vigumu.

Wiki ya sisi kuondoka bomani, mstari wa yule mfugaji ulikuwa bado mtupu katika safu ya sita. Sikutaka kumwachia karani mpya kosa langu, kwa hiyo tukaenda Kikuyu kwa miguu. Tulimkuta anapalilia uwele. Mwenzangu alimwamkia "Mbukwa", nami nikaomba anieleze upya, nimwandike sawasawa. Alipalilia mpaka mwisho wa tuta ndipo akajibu, na mwenzangu akanifasiria bila kupunguza neno.

"Nilisema siku ile. Kaandike hivyo."

Nikaenda kuandika hivyo hivyo, na chini yake nikaongeza: karani hakuuliza. Karani mpya alipokuwa akikagua kurasa alisimama hapo, akataka kujua ni karani gani huyo. Nikachukua kalamu nikaandika jina langu.