Dripu ya Tano

Chumba cha dripu kilikuwa na viti sita vya kuegemea, na muuguzi aliyekisimamia alikuwa na miaka ishirini na mitatu kazini. Mshipa uliowashinda wenzake, yeye aliupata mara moja. Sifa hiyo ilimkaa vizuri, labda kupita kiasi.

Shemeji yake, mume wa dada yake mkubwa, alikuwa fundi wa kupaka rangi nyumba. Jongo lilimshika kidole gumba cha mguu, likapanda kifundoni, likahamia magotini. Asidi ya yuriki ilijaa kwenye damu yake, ikaganda kwenye viungo kama chembe za chupa. Vidonge vilishindwa. Mtu aliyezoea kupanda ngazi na ndoo mkononi akawa anakwenda msalani kwa kujiburuta. Daktari aliposema wajaribu dripu mpya, kila baada ya wiki mbili, muuguzi alifurahi kuliko mgonjwa mwenyewe.

"Hiyo dawa ni kitu gani hasa?" shemeji aliuliza siku ya kwanza, sindano ikiwa tayari mshipani.

"Ni protini inayokula hiyo asidi yako. Ikiingia hivi hivi, mwili unaiona mgeni, unaifagia. Kwa hiyo kiwandani wanaibandika nyuzi ndefu za polima, zinaificha, inadumu siku nyingi."

"Kumbe mmeipaka rangi!"

"Ndiyo, shemeji. Ila wakizidisha, inazibwa mdomo, haili tena. Wakipunguza, inafagiwa."

"Si wangeniita mimi!" akasema, na chumba kizima kikacheka.

Dawa ikafanya kazi. Baada ya dripu ya pili alivaa viatu vya kamba. Baada ya ya tatu alirudi juu ya ngazi, na dada mtu akapiga simu analia kwa furaha. "Mdogo wangu, Mungu akuzidishie."

Kulikuwa na sharti moja: damu ipimwe kabla ya kila dripu. Asidi ikianza kupanda tena, maana yake mwili umezitambua zile nyuzi zenyewe na unazipiga vita. Dawa inafagiwa kabla haijala kitu, na kuiongeza ni kutafuta balaa. Muuguzi alikuwa amewafundisha wenzake sharti hilo kwa mdomo wake mwenyewe.

Kabla ya dripu ya nne asidi ilipanda kidogo. Daktari akaandika kwenye faili: apewe, lakini mara ijayo asiguswe mpaka majibu yatoke.

Asubuhi ya dripu ya tano mashine ya maabara iligoma. Majibu yakaahidiwa saa sita mchana. Shemeji alikuwa na kazi ya kupaka rangi shule moja, na mafundi wenzake walikuwa wanamsubiri getini.

"Shemeji, hebu niangalie," akasema, akarukaruka katikati ya chumba. "Huu ni mguu wa mtu mwenye asidi? Nitundikie nikimbie."

Jibu lililotakiwa lilikuwa neno moja tu: subiri. Lakini muuguzi alimtazama mtu mzima akiruka kama mtoto, akamkumbuka dada yake kwenye simu, akaona haya kumwekea ugumu. Akatundika chupa.

Dakika kumi hazikuisha. "Shemeji, nawashwa," akasema, kisha midomo ikavimba, sauti ikakatika, uso ukawa wa majivu. Muuguzi alifunga dripu, akamchoma sindano ya adrenalini pajani, akamwita daktari kwa kelele.

Majibu yalitoka saa sita kamili. Asidi ilikuwa juu mara mbili ya kiwango.

Shemeji alipona. Muuguzi alipewa barua ya onyo, akaondolewa chumba cha dripu kwa miezi mitatu. Dawa ingesimamishwa hata kama angesubiri, daktari alimwambia kwa upole, mwili ulishaikataa. Maneno hayo hayakumsaidia kitu.

Mwezi uliofuata jongo lilirudi. Muuguzi alikwenda kuwaona Jumapili, akamkuta shemeji kwenye kochi, mguu juu ya mto, anamsimulia jirani: "Huyu ndiye aliyenirudishia roho!"

Jirani alipoaga, muuguzi akashindwa kuvumilia.

"Shemeji, acha kunisifu. Nilitakiwa kusubiri majibu. Daktari aliandika, na mimi nilisoma."

Shemeji akaushusha mguu kutoka kwenye mto. "Mimi ndiye niliyekuharakisha."

"Wewe ulikuwa mgonjwa. Kukukatalia ilikuwa kazi yangu."

Dada alikuwa amesimama mlangoni na sinia la vikombe. "Ulijua?"

"Nilijua, dada."

Akaweka sinia mezani, chai ikamwagika visosini, akarudi ndani. Hakutoka mpaka mdogo wake alipoondoka.

Miaka miwili imepita. Shemeji huchanganya rangi akiwa amekaa, wenzake ndio hupanda, na utani wake uko pale pale. Dada naye humpokea mdogo wake vizuri, humwandalia chai, humuuliza habari za watoto. Lakini dada akiugua, hata mafua tu, huenda kutibiwa upande wa pili wa mji, na mdogo wake husikia habari hizo kwa watu.